Hesabu Iliyozidi Mapatano

Somo: Luka 14:25–33

  Pengine mmoja wenu yuko jikoni, mwingine yuko safarini, mwingine yu kitandani kwa ugonjwa. Nyote karibuni, tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo halihubiriwi mara nyingi kanisani, lakini limeharibu amani ya nyumba nyingi za Wakristo. Jambo lenyewe ni hili. Tumepatana na fundi bei ya kazi. Kazi imekwisha, na ni kazi nzuri. Kisha fundi analeta hesabu yake, na hesabu ile imepita mapatano. Je, Mkristo afanye nini?

Mnaijua baridi ya Limuru na Kinangop, ya Molo na Nyahururu. Kuanzia Juni mpaka Agosti watu wa huko huamka na ukungu mlangoni. Wengine hufunga madirisha yote na kuingiza jiko la makaa chumbani wapate joto. Tafadhali ndugu zetu, msifanye hivyo. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala isiyo na harufu, na watu wamelala wasiamke tena. Kwa sababu ya baridi hiyo, nyumba nyingi siku hizi zinawekwa mtambo wa sola wa kupasha maji, wenye tangi juu ya paa. Kwa mzee anayeumwa na viungo, au kwa mama aliyejifungua juzi, maji ya moto si anasa.

Basi tuseme kuna mama mmoja mjane. Watoto wake wamechanga fedha ili awekewe mtambo huo, tangi la lita 200. Amepatana na fundi shilingi 120,000, kazi yote mpaka maji ya moto yatoke. Siku ya tatu maji yanatoka, tena ya moto kweli. Mama anamshukuru Mungu. Ndipo fundi anampa karatasi iliyoandikwa shilingi 151,500, akisema, "Mama, vitu vimepanda bei, na hili paa lako limenisumbua sana."

Mama yule ana fedha nyingine ndani, shilingi 30,000, lakini ni karo ya mjukuu wake. Tena huyu fundi si mgeni. Ni mwimbaji katika kwaya ya kanisa lao. Mama akikataa kulipa, itasemwa kwamba ni mkali na hana shukrani. Akilipa, mtoto atafukuzwa shule. Na Jumapili, alipe asilipe, atamwona fundi yule amesimama mbele akiimba. Atawezaje kuinua moyo wake kwa Mungu? Mnaona, wasikilizaji, kwamba shida hii si ya fedha peke yake. Ni shida ya moyo, na ya ushirika wetu katika mwili wa Kristo.

Mambo ya kufanya ni haya.

Jambo la kwanza, tuulize kabla ya kukasirika. Wazee wetu walisema hasira ni hasara. Hesabu iliyozidi si lazima iwe wizi. Mama amwambie fundi kwa upole, "Mwanangu, keti kwanza unywe chai. Sasa niandikie kila kitu kilichoongezeka, na bei yake, na unionyeshe risiti." Neno hili halimtukani mtu. Fundi mwaminifu atafurahi kulisikia, na asiye mwaminifu ataanza kutafuta maneno.

Haya, fundi anaandika. Mbao za kuimarisha paa, shilingi 9,500. Mabomba ya maji moto, 8,000. Valvu, 4,500. Usafiri, 3,500. Vibarua wawili kwa siku mbili, 6,000. Jumla ni shilingi 31,500. Sasa ile hofu ya moyoni imekuwa mambo matano, na mambo matano yanaweza kuzungumzwa.

Jambo la pili, tupambanue. Gharama za ziada ni za namna nne. Kuna ile iliyokuwa imefichika kweli, ambayo hakuna mtu angeiona kabla kazi haijaanza. Kuna ile ambayo mwenye nyumba aliiongeza mwenyewe. Kuna ile ambayo fundi alipaswa kuijua tangu mwanzo, akaisahau au akainyamazia. Na kuna ile ya kubuni, ambayo haikununuliwa wala haikufanywa. Hatuwezi kuzijibu zote nne kwa jibu moja.

Tazameni zile mbao. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hivyo tangi la lita 200 likijaa ni kilo 200 za maji peke yake, kabla hatujahesabu tangi lenyewe na chuma linachokalia. Ikiwa fundi alifungua mabati akakuta mbao zimeoza, ilimpasa aziimarishe, la sivyo paa lingeshuka. Angalimwita mama kwanza aone, hilo ni kosa lake. Lakini mbao zile zilihitajika, na leo zinaushikilia mzigo ule juu ya kitanda cha mama. Hii ni gharama iliyofichika.

Tazameni mabomba. Siku ya pili mama alisema, "Kwa kuwa uko hapa, niwekee na mfereji wa maji moto jikoni." Mfereji ule na bomba lake ni shilingi 3,000. Hizo ni za mama, wala asizikatae. Mara nyingi sisi wenye nyumba tunakumbuka sana bei ya kwanza, na kusahau maneno tuliyoyaongeza njiani.

Lakini zile 5,000 zilizobaki za mabomba, na ile valvu? Kila fundi wa kazi hii anajua kwamba bomba la maji ya moto si sawa na bomba la maji baridi, kwa maana bomba la kawaida la plastiki hulegea likipata moto. Anajua pia kwamba maji yakipashwa hutanuka, na penye tangi lililofungwa lazima pawe na valvu ya kupunguza nguvu hiyo, tangi lisije likapasuka. Vitu hivi havikufichika. Vilipaswa kuwamo katika zile 120,000. Ni vivyo hivyo na usafiri, na vibarua, ikiwa mapatano yalikuwa ya kazi yote.

Basi kwa haki mama anadaiwa mbao, 9,500, na mfereji wa jikoni, 3,000. Ni shilingi 12,500. Hizo nyingine 19,000 si deni lake.

Jambo la tatu, tulipe leo lile ambalo halina ubishi. Mtu akiona hesabu imezidi, hujaribiwa kuzuia fedha zote mpaka maneno yaishe. Hii ni dhambi iliyovaa nguo za haki. Wale vibarua wawili waliobeba tangi hawakuandika karatasi ile. Wana watoto wanaowangojea jioni. Sheria ya Musa, katika Mambo ya Walawi 19:13, ilikataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Naye Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana. Kwa hivyo mama atoe salio la mapatano na zile 12,500 siku ile ile, apewe risiti, na aone kwamba vibarua wamepata chao. Kisha yale ya ubishi yazungumzwe, tumbo la mtu likiwa halina njaa.

Jambo la nne, tufuate njia ambayo Bwana wetu ametuonyesha katika Mathayo 18. Kwanza nenda kwa ndugu yako, ninyi wawili tu. Usianze kwa jirani, wala kwa chama cha akina mama, wala kwa simu za kuwapigia wanakwaya. Asipokusikia, chukua mmoja au wawili, watu wanaoijua kazi hiyo, pengine fundi mwingine mwenye sifa njema na mzee wa kanisa. Wapande, waangalie paa, wasome karatasi. Akikataa bado, ndipo kanisa liambiwe.

Hapa tungependa kusema neno kwa wazee wa kanisa wanaotusikiliza. Msimwambie mjane, "Mama, samehe tu, tusiharibu jina la kanisa." Jina la kanisa haliharibiwi na mjane anayeuliza hesabu yake. Huharibiwa na wazee wanaomnyamazisha. Msamaha ni wa yule aliyedhulumiwa kuutoa kwa hiari yake, wala si wetu sisi kuutoa kwa fedha zake.

Tena ni vizuri tujue kwamba nchi yetu ina sheria juu ya jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora wa kuridhisha, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Nayo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inasema kwamba mapatano yakiwa na makadirio ya bei, mtoa huduma asitoze zaidi ya makadirio hayo kwa kupita asilimia 10. Akipita hapo, mteja anaweza kudai apewe kazi kwa bei ile ile ya makadirio. Lakini mkipatana upya juu ya kitu kilichoongezwa, kama ule mfereji wa jikoni, hicho kinalipiwa. Kwa 120,000, asilimia 10 ni 12,000. Hesabu ya 151,500 imepita mpaka huo mbali sana.

Tena kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na ya kwanza ikafunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria yataka kesi iamuliwe kwa siku 60. Mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kukimbilia mahakama wao kwa wao kabla hawajatafuta hata mtu mmoja mwenye hekima kati yao. Hatudhani alitaka mnyonge akose mahali pa kulilia. Tujaribu kwanza nyumbani na kanisani, kwa moyo wa kweli. Tukishindwa, serikali nayo imewekwa na Mungu.

Sasa angalieni jambo moja. Sheria ya nchi inampa mama ruhusa ya kushikilia bei ya kwanza, asilipie hata mbao. Lakini dhamiri yake inamwambia kwamba zile mbao ziko juu ya kichwa chake. Mkristo haulizi tu, "Sheria inaniruhusu kubaki na kiasi gani?" Anauliza pia, "Nimepokea nini mkononi mwa mwenzangu?" Hiyo ndiyo sababu tulihesabu 9,500 za mbao kuwa deni lake.

Na zile 19,000? Pengine fundi alikosea hesabu bila hila, naye sasa amepata hasara, na ana karo yake pia. Mama akiona moyoni kwamba anaweza kumsaidia kidogo, amsaidie. Lakini aseme wazi, "Hii si deni, mwanangu. Hii ni zawadi yangu kwako." Tusichanganye mambo haya mawili. Zawadi iitwe zawadi, na deni liitwe deni. Zawadi iliyotolewa kwa jina la deni huacha uchungu kwa mtoaji na mazoea mabaya kwa mpokeaji. Na kama hawezi, kwa kuwa karo ya mtoto ni wajibu wake wa kwanza, asijihukumu. Karo ya mjukuu haikuwa fedha za kuziba pengo la hesabu ya fundi.

Sasa tuseme nanyi mafundi. Ndugu zetu, kazi ya mikono yenu ni ya heshima, na Bwana wetu alikulia katika nyumba ya seremala. Watoza ushuru walipomjia Yohana Mbatizaji wakiuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiasi kilichowekwa. Mnaweza kusoma katika Luka 3. Kuna fundi anayetaja bei ndogo ili amshinde mwenzake, akijua moyoni kwamba atajaza pengo baadaye, wakati mabati yameshafunguliwa na mwenye nyumba hana njia ya kurudi. Huyo hakutaja bei. Alitega mtego. Labani alimfanyia Yakobo hivyo, na Yakobo akalalamika kwamba ujira wake umebadilishwa mara kumi. Mwishowe Labani alipoteza mifugo, na binti zake, na mfanyakazi wake mwema.

Lakini sisi wenye nyumba tujichunguze pia. Mithali 20:14 yamtaja mnunuzi anayekitukana kitu anaponunua, kisha akienda zake anajisifu. Tukimbana fundi mpaka ataje bei isiyoweza kununua hata mabomba, tumemfundisha kusema uongo. Bei ya haki huanza kwa mteja anayekubali kusikia bei ya kweli.

Kwa hivyo, kabla ya kazi, tuandikiane. Ibrahimu aliponunua shamba la Makpela alipima shekeli 400 za fedha masikioni mwa watu wa mji. Yeremia alipolinunua lile shamba la Anathothi aliandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi. Walikuwa watu wa imani, lakini waliandika na kuhesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi iseme tangi ni la lita ngapi, mabomba ni ya namna gani, mifereji ni mingapi. Iseme usafiri, vibarua, valvu na kuziba mabati vimo au havimo, na kodi ya serikali imo au haimo. Fundi apande aangalie paa kabla ya kutaja bei. Na mstari mmoja usikose: akikuta jambo jipya, asimamishe kazi amwite mwenye nyumba kabla ya kununua. Tena fedha zitolewe kwa sehemu, na sehemu ya mwisho ingoje mpaka maji yametoka moto na hakuna mahali panapovuja.

Wasikilizaji wapenzi, tulisoma katika Luka 14 juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, anayeketi kwanza na kuhesabu gharama. Mara nyingi tunalitumia neno hili kwa kamati za ujenzi. Lakini tazameni Yesu alilisema wakati gani. Makutano makubwa walikuwa wakimfuata. Mwingine angenyamaza, asiwapoteze. Yesu aligeuka akawaambia bei yote kabla hawajaanza: msalaba, na kuacha kila kitu. Hakutaja bei ndogo ili awapate, kisha aongeze njiani. Wengi waliweza kurudi nyumbani siku ile, na alikubali hatari hiyo. Bwana wetu haifichi gharama.

Huyo ndiye tunayemwita Bwana. Basi fundi anayemfuata, ataje bei yote. Na mwenye nyumba anayemfuata, alipe anachodaiwa bila kuchelewa, na akatae kwa upole asichodaiwa. Katika siku za mfalme Yosia, mafundi waliotengeneza nyumba ya Bwana hawakudaiwa hesabu ya fedha walizokabidhiwa, kwa sababu walifanya kazi kwa uaminifu. Imeandikwa katika 2 Wafalme 22. Hatujafika hapo, kwa hivyo tunaandika karatasi. Lakini ingekuwaje kama katika kila mtaa wa nchi yetu watu wangesema, "Mwite yule fundi wa kanisani, bei yake ni ile ile mwanzo na mwisho"? Hayo yangekuwa mahubiri ambayo hata asiyeingia kanisani angeyasikia.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe unaijua mizani yetu na maneno ya vinywa vyetu. Wasaidie walio na hesabu nzito mikononi leo, wasijue la kufanya. Wape upole wa kuuliza na ujasiri wa kusema kweli. Walinde mafundi wanapopanda juu ya mapaa, na uwape mkate wa haki. Waguse wale waliotoza kupita kiasi, wapate moyo wa Zakayo wa kurudisha. Uwapatanishe walioketi kanisani wakitazamana kwa uchungu, waimbe tena kwa moyo mmoja. Tunaomba kwa jina la Yesu Kristo, Mwokozi wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.